Mombasa Aliyosimuliwa Mama Mkubwa

Mama mkubwa, yaani dada mkubwa wa mama yangu, alinifikia Changamwe asubuhi moja kwa treni ya kutoka Mazeras, bila habari wala salamu za kutangulia. Nilikuwa nafua uani. Nikasikia hodi ya sauti niijuayo tangu utotoni, nikageuka, nikamwona amesimama na kuku kwapani, kikapu cha mihogo kichwani, na viatu vyake vya kanisani amevilaza juu ya mihogo ili visichafuke.

"Shikamoo mama," nikamwambia, mikono inachuruzika povu.

"Marahaba mwanangu. Kuna mgonjwa hapa?"

"Hapana, sote wazima."

"Vizuri, maana sikuja kuuguza mtu. Nimekuja kuiona Mombasa."

Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha. Vijana wa kwetu Rabai walikuwa wameanza kurudi kutoka Abisinia na Burma, wamevaa makoti mazito yasiyofaa kwa joto la pwani. Nguo madukani bado zilikuwa adimu, lakini watu walikuwa wameanza tena kutembeleana bila wasiwasi. Mimi nilikuwa nimeolewa Changamwe. Mume wangu alikuwa mtu wa reli, kazi yake kubadilisha njia za treni pale stesheni, na tulipewa chumba katika nyumba za wafanyakazi, karibu na njia yenyewe. Kila treni ikipita, vikombe viligongana kabatini. Mimi vilinikera. Mama mkubwa alivipenda. Siku ile ya kwanza alikaa kitandani akingoja treni ipite ili avisikie, na ikipita anacheka peke yake.

Jioni, tulipokaa kula, mume wangu akamuuliza kwa adabu, "Mama, katika Mombasa hii, unataka kuona nini hasa?"

Mama mkubwa akanawa mikono kwanza. "Nataka kuona treni inavyopita katikati ya bahari. Nataka kuona jumba la mfalme lililo ufukweni, ambalo ndani watu wanakula karamu. Nataka kuona wale maaskari wa shaba ambao adhuhuri ikifika wanageuka. Na nataka kuona daraja la mawe lililo refu kuliko minazi, ambalo meli zinapita chini yake."

Mume wangu akanitazama. Mimi nikatazama bakuli la mchuzi, maana nilijua mara moja maneno yale yametoka wapi.

Yalikuwa ya jirani yake. Nyumba ya huyo jirani na ya mama mkubwa zilitenganishwa na shamba dogo la mihogo, na wawili wale walikuwa wamepakana tangu walipoolewa. Mimi nilipokuwa bado msichana mdogo, mume wa huyo jirani aliteremka Mombasa kutafuta kazi bandarini, akakaa huko. Siku moja jirani akafunga kifurushi chake, akaaga kijiji kizima, akasema anakwenda kumtazama mumewe. Tulimwona akienda. Baada ya siku kadhaa tulimwona akirudi. Alisema mumewe hajambo, kazi ni nyingi tu, na anatusalimu. Halafu akaanza kutueleza Mombasa.

Sisi watoto tulimzunguka kila jioni. Alijua kusimulia, huwezi kumnyima hilo. Alikuwa akinyanyua mikono kuonyesha urefu wa daraja, nasi tunanyanyua vichwa. Miaka ikapita, akawa ndiye mtu wa kuulizwa kuhusu Mombasa katika upande wetu wa kijiji. Ukitaka kujua bei ya leso, unamuuliza yeye. Ukitaka kujua kama ni kweli wazungu wanakula barafu, unamuuliza yeye. Mama mkubwa alistahimili kwa muda mrefu. Kilichomtoa nyumbani ni neno moja alilotupiwa mbele ya wanawake wenzake wakati wa kupamba kanisa. Walikuwa wanabishana mahali pa kuweka maua, na jirani akasema, "Huyu hajaona hata Makupa pa kuingilia Mombasa, atajua nini cha kupendeza?" Wanawake wakacheka. Juma lililofuata mama mkubwa akapanda treni.

"Nikirudi," alituambia usiku ule, "nitakuwa na langu la kusema."

Taabu ilikuwa moja. Mimi niliyetakiwa kumtembeza nilikuwa siijui Mombasa vizuri. Tangu kuolewa nilikwenda kisiwani sokoni na hospitali, basi, nikimaliza narudi Changamwe. Nyali sikuwahi kufika. Mume wangu akanieleza njia kwa kupanga maganda ya mihogo mezani: hapa Makupa, hapa sanamu, hapa Ngome, hapa daraja. Nikaona ni rahisi. Asubuhi nilikuwa nimesahau yote isipokuwa maganda.

Tuliondoka mapema kwa basi. Mama mkubwa alivaa gauni lake la Krismasi, akajitanda leso juu, na viatu vile alivivaa pale pale kituoni. Tulipofika Makupa, akamgusa bega dereva.

"Baba, nenda polepole hapa."

Dereva akashangaa, lakini akapunguza mwendo. Huku na huku bahari, mikoko inang'aa maji ya asubuhi, na kando yetu njia ya reli imelala juu ya tuta la udongo na mawe lililomwagwa baharini. Bahati yetu, treni ya mizigo ilikuwa inakuja kutoka kisiwani. Ikapita karibu nasi kwa kishindo, na ukiitazama toka pale tulipokaa ungedhani kweli inakanyaga maji.

Mama mkubwa akaegemea kiti. "Hili amesema kweli," akakiri, na nilimwona limemuuma kidogo.

Tukashuka karibu na sanamu. Maaskari wa shaba walikuwa wamesimama juu ya jiwe lao, wamevaa kivita, nyuso zetu kabisa, pua zetu, midomo yetu. Mama mkubwa akawazunguka polepole. Akasema mmoja anafanana na kaka wa babu yangu, aliyechukuliwa kubeba mizigo katika vita vya kwanza na hakurudi. Alisimama mbele ya huyo kwa kitambo. Halafu akatafuta kivuli, akakaa.

"Tunangoja nini, mama?"

"Adhuhuri."

Nikamwambia jua ndiyo kwanza limepanda. Akasema hana haraka. Muuza kahawa aliyekuwa karibu, mzee wa Kiarabu mwenye kofia ya kufuma, akatuuliza tunangoja nani. Mama mkubwa akamweleza kwamba anangoja maaskari wageuke.

Mzee yule hakucheka. Akamimina kahawa katika kikombe kidogo, akampa mama mkubwa, akasema, "Bibi, mimi nauza kahawa hapa tangu walipowekwa. Wallahi kama wangegeuka, mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kukimbia."

Mama mkubwa akanywa kahawa ile, chungu, akakunja uso. "Basi huyo mwanamke ametia chumvi," akasema, na sasa uso wake ulikuwa umechangamka. "Twende kwa mfalme."

Kufika Ngome, ndilo lile jumba la ufukweni, kulituchukua muda, kwa sababu nilipotea mara mbili katika vichochoro vya mji wa kale. Mara ya pili tulitokea katika ua wa watu, wanawake wanachambua mchele. Wakatusalimu, wakatukaribisha, na kabla hatujaeleza kwamba tumepotea tulikuwa tumeshakaa juu ya mkeka tunakula mahamri na mbaazi. Mama mkubwa akawachambulia mchele wao kwa shukrani. Wao ndio waliotuonyesha njia, na mmoja alitusindikiza hadi tukaona ukuta.

Ukuta ule uliwafanya watu wote wapunguze sauti. Ulikuwa mkubwa, umeungua rangi kwa jua na chumvi, na mizinga ya zamani imelala nje imeelekea baharini. Lakini mlangoni hapakuwa na matarishi wa mfalme. Palikuwa na askari jela. Siku zile Ngome ilikuwa gereza, na mtu yeyote wa Mombasa alijua, isipokuwa sisi wawili. Mume wangu alidhani najua. Nami kwa kuwa nilikuwa nikiipita kwa mbali tu, nilidhani ni boma la serikali.

Tukiwa tumesimama pale, mlango ukafunguliwa wakatoka wafungwa na makwanja yao, wanakwenda kukata nyasi. Walipotukaribia mama mkubwa akasema kwa sauti yake ya kanisani, "Hamjambo wanangu?"

"Hatujambo, shikamoo mama," wakaitikia wote kwa pamoja, kama darasa la watoto.

Askari akaja haraka. "Mama, hairuhusiwi kuzungumza na wafungwa."

"Sikuzungumza. Nimesalimia."

Askari akaweka kofia yake sawa. Alikuwa kijana, na nadhani naye alikuwa na mama mkubwa kwao. Akauliza tunamtafuta nani. Mama mkubwa akasema aliambiwa ndani kuna mfalme na karamu.

"Karamu ipo," akasema yule askari, huku anajaribu kutotabasamu. "Maharage asubuhi, maharage jioni. Ila ukiingia kuila, kutoka ni shida."

Mama mkubwa alicheka hadi akashika mzinga asianguke. Siku nzima aliyarudia maneno yale. Na kila aliporudia aliongeza, "Halafu jirani anasema ati alipewa halua huko na mtumishi wa mfalme. Halua ya jela." Alikuwa amepata silaha, na alikuwa anainoa.

Kwa basi jingine na miguu tukafika upande wa daraja la Nyali. Kwanza hatukuliona. Nilitazama juu, kwa sababu tangu utoto wangu daraja lile lilikuwa juu, refu kuliko minazi, na mama mkubwa naye alikuwa anatazama juu. Mbele yetu kulikuwa na mkono wa bahari, kule ng'ambo minazi ya Kisauni, na angani kunguru tu.

"Daraja liko wapi?" nikamuuliza askari wa daraja aliyekuwa kando ya njia.

Akatuonyesha kwa kidole, chini. Lilikuwa limelala juu ya maji. Ndivyo lilivyokuwa daraja la Nyali miaka ile: njia ya mbao juu ya maboya makubwa ya chuma, yamefungwa pamoja kutoka ukingo huu hadi ule, na maji yakijaa linapanda, maji yakitoka linashuka. Gari lililokuwa linavuka lilipiga ngoma juu ya mbao, na daraja zima likatikisika taratibu, mfano wa kitanda cha kamba mtu anapogeuka.

"Na lile la mawe?" akauliza mama mkubwa.

"La mawe lipi, mama?"

"La zamani. Lenye kupita meli chini."

Askari wa daraja akatikisa kichwa. "Hapa hapajawa na daraja la mawe hata siku moja. Kabla ya hili watu walivuka kwa mashua."

Nilimgeukia mama mkubwa nikitarajia kumwona amefurahi. Kwa hao maaskari wa shaba na mfalme, mtu angeweza kusema jirani alisikia vibaya, au aliongeza utamu. Lakini daraja hili huwezi kuliona ukalisimulia kuwa la mawe, refu kuliko minazi. Mtu aliyesema vile hakufika. Nami nilipolielewa hilo nilitaka kucheka, maana nilikumbuka jinsi tulivyokuwa tukinyanyua vichwa vyetu pale uani kutazama daraja lisilokuwapo.

Mama mkubwa hakucheka. Akavua viatu, akavibeba mkononi, akasema, "Haya, tuvuke."

Alivuka polepole. Katikati akasimama, akaacha miguu yake isikilize maji yanavyolinyanyua daraja. Upepo ulikuwa unampuliza leso. Nikamwona anatabasamu, lakini si lile tabasamu la pale Ngome.

Ng'ambo, kutembea kidogo tu kutoka darajani, kuna mahali panaitwa Kengeleni. Hapa jirani hakuwahi kupataja. Mama mkubwa ndiye aliyepataka, na hakuniambia mpaka tulipofika. Pana kengele imetundikwa juu katika nguzo zake, kando ya njia. Zamani palikuwa makazi ya watumwa walioachiwa huru, waliotolewa majahazini na manowari za Kiingereza wakaletwa pwani pale, wengi wao watoto. Mama yake mama mkubwa, yaani bibi yangu, alikuwa mmoja wao. Mimi nilijua kwamba bibi alitoka mbali na kwamba hakuwajua ndugu zake. Zaidi ya hapo nyumbani hapakusemwa mengi.

Mama mkubwa akasimama chini ya kengele. "Alituambia hakujua Kiswahili wala lugha ya wenzake," akasema. "Kila mtoto na lugha yake. Lakini kengele wote waliielewa. Ikilia mchana, chakula. Ikilia usiku, wauza watumwa wanakuja, amka ukimbie."

"Alikimbia mara ngapi?"

"Alisema alikula mara nyingi zaidi." Akaipapasa nguzo kwa kiganja. "Nataka kuisikia."

Hapakuwa na mtu wa kuombwa. Mama mkubwa akatazama njia, akatazama nyumba za karibu, akaokota kijiwe. Akarusha. Kikapita mbali. Akaokota kingine, nacho kikaenda upande wa shamba la mtu. Akanipa mimi. Nikakosa. Tulikuwa tumeshaanza kucheka, wanawake wazima wawili, mmoja na gauni la Krismasi, tunatupia kengele mawe, ndipo nyuma yetu tukasikia mtu anakohoa.

Alikuwa mwalimu wa kanisa, mtu wa makamo, kanzu nyeupe, baiskeli mkononi.

"Mama zangu," akasema, "kengele imewakosea nini?"

Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mama mkubwa akajifunga leso vizuri, akasema, "Haikunikosea kitu. Ilimlisha mama yangu." Akamweleza kwa maneno machache.

Mwalimu akasikiliza hadi mwisho. Akaegemeza baiskeli yake kwenye nguzo. Akatazama njia upande wa Nyali, akatazama upande wa Kisauni, akaona hakuna mtu anayekuja. Kisha akainama, akachagua jiwe kwa makini, akakunja mkono wa kanzu, akarusha.

Kengele ilitoa sauti moja, nyembamba, safi, ikakaa hewani muda mrefu kuliko nilivyodhani jiwe dogo lingeweza kuiweka. Kunguru wakaruka. Mama mkubwa alikuwa amefumba macho.

"Asante mwalimu," akasema alipofumbua.

"Bibi yangu pia aliletwa hapa," mwalimu akajibu, anashusha mkono wa kanzu. "Sisi wote hapa kengele hii tumeipiga mawe tulipokuwa wadogo. Msimwambie mchungaji."

Akatupa maji ya kunywa nyumbani kwake, akatusindikiza hadi darajani akikokota baiskeli, yeye na mama mkubwa wanazungumza mbele, mimi nyuma na viatu vya mama mkubwa.

Ndani ya basi la kurudi Changamwe sikuweza kujizuia tena. Nikamwambia, "Sasa unalo la kumwambia jirani yako. Hakufika hata Makupa."

"Makupa alisikia kwa watu wa treni," akasema mama mkubwa. Alikuwa anatazama nje. "Ana dada yake Mazeras. Mimi nadhani alifika pale akakaa siku zile zote, akasikiliza abiria, akarudi."

"Kwa nini asiendelee? Mazeras na Mombasa ni hatua."

"Aliambiwa hapo Mazeras kwamba mumewe ana mke mwingine mjini, au ameondoka na meli, au amekufa. Sijui lipi. Mumewe hajarudi mpaka leo, na hajawahi kuleta hata kitambaa. Sasa mwanangu, wewe umeaga kijiji kizima unakwenda Mombasa kumwona mume. Ukirudi utasema nini?"

Nami nikageukia dirishani.

"Utasema umeona daraja," akasema mama mkubwa. "Ukiulizwa la mume, unaongeza daraja urefu."

Alikaa kwetu siku chache zaidi, akala samaki hadi akasema anahisi ameota mapezi. Tulipompandisha treni, mume wangu alimuuliza kama ameridhika na Mombasa. Akasema ameridhika, ila vikombe vya nyumba yetu ndivyo vizuri kuliko vyote.

Yaliyotokea Rabai niliyapata kwa mama yangu. Jumapili ile baada ya ibada wanawake walimzunguka mama mkubwa nje ya kanisa. Jirani naye alikuwapo, lakini amekaa pembeni, anasokota pindo la leso yake, na mama yangu alisema uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja kuchomwa sindano. Wakamuuliza mama mkubwa: vipi daraja? Vipi jumba la mfalme?

Mama mkubwa akasema, "Mombasa ni kubwa, haisimuliki mara moja. Na mambo mengi yamebadilika tangu mwenzetu alipokwenda. Nilimhitaji huko, maana nilikuwa na mwanangu ambaye hajui njia hata moja." Wakacheka, kwa gharama yangu. Akamgeukia jirani. "Mwaka huu usiishe hatujaenda pamoja. Wewe na mimi."

Jirani akaliachia pindo la leso. Kisha akasema, "Nitafikiri." Mama yangu alisema siku ile walirudi nyumbani wote wawili kwa njia moja, jambo ambalo halikuwa limeonekana tangu ugomvi wa maua.

Walikuja kabla ya mvua za masika. Safari hii walituma salamu, na mume wangu akaenda kuwapokea stesheni. Jirani alikuwa mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, na mbele ya kila jambo geni alikuwa anatulia kwanza, anaacha mama mkubwa aseme. Makupa alishika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili. Kwa maaskari wa shaba hakungoja adhuhuri, wala hakuna aliyeitaja. Muuza kahawa alimkumbuka mama mkubwa, akafungua mdomo aseme jambo, mama mkubwa akamwahi kwa kuagiza kahawa.

Darajani jirani alisimama mwanzoni mwa mbao, akatazama maboya, akatazama maji, akatazama ng'ambo. Mimi nilijifanya nafunga kamba ya kiatu, na viatu vyangu havikuwa na kamba.

"Wamelibadilisha," akasema kwa sauti ndogo.

"Mji haukai vile vile," akajibu mama mkubwa. "Vua viatu, utaona linavyopumua."

Wakavuka wameshikana mikono. Sikuwahi kuwaona wakishikana mikono.

Siku ya pili jirani akasema angependa kuona Kilindini. Tukampeleka hadi penye geti la bandari, mchana, wakati watu wanatoka kazini. Walitoka wengi, vumbi la magunia nyweleni, wengine wanaimba, wengine wanagombea maji. Jirani alisimama kando akawatazama mmoja mmoja usoni, mpaka wale wa mwisho. Hakuuliza mtu kitu. Mama mkubwa alikuwa nyuma yake kidogo. Geti lilipofungwa jirani akajipangusa uso kwa leso, akageuka, akasema, "Nina njaa."

Tukanunua viazi vya karai vya moto na mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, tukala tumesimama, na jirani akataka tena. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba hatuko mbali na kivuko cha Likoni, nami mwenyewe sijawahi kukipanda. Nikawaambia. Hakuna aliyewahi kukisikia katika hadithi yoyote. Tukateremka.

Feri ilikuwa imefika. Ilifungua mdomo wake, magari yakatoka, halafu watu, akina mama na matenga ya maembe, wazee wa Kidigo na fimbo zao, mtu na mbuzi wawili. Kisha tukaingia sisi. Jirani alipoona ukingo unaondoka, na sisi tumesimama tu bila kupiga kasia wala kusukuma, alimshika mama mkubwa mkono.

"Twaenda au nchi ndiyo inakwenda?"

"Sijui," akasema mama mkubwa. Kweli hakujua.

Katikati ya mlango wa bahari meli kubwa ilikuwa inaingia bandarini, mabaharia wamesimama juu wamejiegemeza. Feri ikapunguza mwendo kuipisha. Mmoja wa mabaharia akatupungia mkono. Jirani akampungia, kwanza kwa vidole, kisha kwa mkono mzima, kisha akavua leso yake ya mabegani akaipeperusha, na akaanza kucheka. Nilikuwa nimemjua mama yule tangu utoto, msimulizi wetu, na sikuwahi kusikia kicheko chake. Kilikuwa kikubwa, cha tumboni. Abiria wenzetu wakageuka wakacheka naye bila kujua sababu.

"Hiki sikukiona siku zile," akasema alipopata pumzi.

"Hata mimi," akasema mama mkubwa.

Likoni watu wakashuka. Sisi hatukushuka. Tukarudi kisiwani, na kisiwani pia hatukushuka, tukarudi tena Likoni, tumejibana kwenye kona moja, wao wawili wanabishana kwa furaha upande gani una minazi mingi zaidi. Mwishowe mfanyakazi wa feri aliyeshika kamba akatujia.

"Mama zangu, mnakwenda upande gani hasa?"

"Kwani lazima tuchague?" akauliza jirani.

Yule mtu akakuna kichwa, akatabasamu, akarudi kwenye kamba yake. Tukavuka tena.

Tulifika Changamwe jua limeshazama. Mume wangu alikuwa amechoka kutungoja, akasonga sima mwenyewe, ikaungua chini. Jirani aliikwangua sufuria hadi ukoko wote ukaisha, huku anamsimulia kuhusu feri, akinyanyua mikono kumwonyesha ile meli ilivyokuwa kubwa.